Kwanini Dereva wa Mjini Anamtii Anayemwashia Taa Barabarani, Halafu Anainyamazisha Ting Ting ya Gari Lake?

Kuna klipu ya mwigizaji mmoja wa Bongo Muvi imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Jina liwekwe pembeni, maana ishu hapa siyo yeye peke yake. Yuko nyuma ya usukani wa Harrier, simu kaitegesha kwenye dashibodi, wigi jipya, kucha ndefu, anaimba wimbo na kutikisa kichwa. Kila kitu kiko sawa isipokuwa sauti moja. Ting ting ting ting. Klipu nzima gari linalia, na dada wa watu anaimba juu yake kama vile hiyo ni sehemu ya biti.

Mashabiki wakagawanyika kama kawaida. Kuna waliouliza bei ya wigi. Kuna waliomwambia afunge mkanda, gari linamlilia. Na wale wengine ambao hawakosekani wakasema mwacheni, gari ni lake.

Siku mbili baadaye akarusha nyingine. Gari lilelile, pozi lilelile, safari hii kimya kabisa. Watu wakaanza kumpongeza kwamba ni staa anayesikia mashabiki wake. Pongezi zikaenda vizuri mpaka mdau mmoja mwenye macho ya mwewe akaisimamisha video na kukuza picha. Mkanda haupo kifuani. Pale pembeni ya siti, kwenye tundu la kufungia, kimechomekwa kidude cha chuma kinachong'aa. Dada alikuwa hajafunga mkanda. Alikuwa amelifunga gari mdomo.

Kwa asiyekijua hicho kidude, ni ule ulimi wa mkanda ukiwa peke yake, bila mkanda. Ukiuchomeka, gari linadhani dereva ameshafunga, linanyamaza. Wanauza watu wa urembo wa magari, kwenye meza moja na vinukizi, kava za usukani na stika. Vingine vina nembo ya gari la kifahari hata kama vinaenda kwenye Vitz. Na vipo ambavyo upande wa pili vina kifungulio cha chupa. Yaani kitu kimoja kinamsaidia mtu asifunge mkanda na afungue bia. Aliyekibuni aliwajua wateja wake vizuri sana.

Ni rahisi kumcheka mwigizaji, lakini wengi wanaomcheka wana mbinu zao. Yupo anayefunga mkanda kwanza halafu anaukalia, akiwa ameupitisha mgongoni. Yupo aliyempa fundi hela akate waya chini ya siti. Yupo anayeuvuta na kuushika tu kwa mkono akiona sare nyeupe mbele, akishapita anauachia urudi. Huyu wa mwisho ndiye wa ajabu kuliko wote, kwa sababu kazi ya kuvuta mkanda ameshaifanya. Kilichobaki ni kubonyeza kidogo tu usikie "kaa". Hataki.

Wengi wanalimaliza hili kwa neno moja: ubishi. Madereva wa Bongo wabishi, hawapendi kuonywa, basi. Ukiangalia vizuri, hilo siyo kweli hata kidogo. Dereva wa Bongo ana onyo moja ambalo analitii kuliko amri ya mama yake mzazi.

Toka Dar kuelekea Morogoro. Umeshapita Mlandizi, barabara imefunguka, mguu umelala kwenye mafuta. Mbele linakuja lori, linawasha taa mara mbili mchana kweupe na kupita. Kinatokea nini? Mguu unanyanyuka hapohapo. Dereva hajauliza huyu ni nani, hajasema "ananifundisha kuendesha?", hajasema taa zake zinakera. Anarudi kwenye 50 kama mtoto wa Sunday school, anafunga mkanda, anawaambia na wa mbele wafunge, simu inashuka chini. Kilomita moja mbele anawakuta trafiki na tochi yao chini ya mti, anapita anatabasamu. Akishapita, naye anaanza kuwawashia wanaokuja. Hakuna anayemlipa. Hakuna sheria inayomtuma afanye hivyo.

Kwa hiyo dereva anaonyeka. Swali ni kwanini lile la lori linapokelewa kwa dole gumba na hili la gari lake mwenyewe linapokelewa kwa bisibisi ya fundi.

Sababu ya kwanza ni ya mfukoni na haihitaji maelezo mengi. Faini ya trafiki ni elfu 30, inajulikana, inauma leo. Ajali ni kitu cha mtu mwingine, kipo kwenye taarifa ya habari. Taa ya lori inamwokolea mtu elfu 30 ndani ya dakika moja na anaiona kabisa kwamba imeokoka. Ting ting ya mkanda haijawahi kumwonyesha dereva kitu ilichomwokolea. Mwaka mzima inalia, mwaka mzima hakuna kilichotokea.

Sababu ya pili ndiyo yenyewe, na watu hawaisemi kwa sababu inagusa heshima.

Mtu mzima kwa Mswahili haonywi mbele za watu. Baba akikosea anavutwa pembeni. Mjomba akizidisha kwenye sherehe, anakwenda mtu wa rika lake, anamnong'oneza. Hata mke mwenye busara anasubiri wageni waondoke. Sasa gari halijalelewa hivyo. Kijana kampakia binti kwa mara ya kwanza, kaosha gari, kapulizia manukato, kaweka mziki wa taratibu. Anatoka tu getini, gari linaanza kumsema. Ting ting ting. Na halimsemi kwa siri. Binti anasikia. Kijana anajikuta ana njia mbili: afunge mkanda, aonekane ameambiwa, au aupuuze, aonekane mwanaume. Anaupuuza. Mlio unaongeza kasi, kwa sababu magari mengi yametengenezwa hivyo, yakipuuzwa yanazidisha. Yaani mbele ya mgeni, kitu alichokinunua kwa hela yake kinampandishia sauti.

Kesho yake yuko kwa fundi.

Na MC mmoja maarufu wa harusi, wale wa Crown nyeusi na suti za kung'aa, yake ilikuwa kali zaidi kwa sababu gari lake linaongea kabisa. Lilikuja kutoka Japani na dada wa Kijapani ndani. Kila akiwasha, yule dada anasalimia kwa heshima zote na kusema maneno yake. Kwa miaka miwili MC alikuwa anawaambia abiria wake kwamba gari linamkaribisha bosi. Siku moja akampakia mtu aliyewahi kusoma Japani, akacheka mpaka machozi. Kumbe dada hakaribishi mtu. Anasema kadi ya ETC haijawekwa.

Hiyo ETC ni mfumo wa kulipia barabara za haraka za kule kwao kwa kadi, gari linapita getini bila kusimama na hela inakatwa. Hapa haina kazi yoyote, hata pale daraja la Kigamboni. Lakini yule dada hajaambiwa kwamba gari limehama nchi. Ataendelea kukumbusha kadi mpaka gari lifike skrepa. Na maelfu ya madereva Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi, Kampala wanaanza siku yao kwa kuonywa kwa lugha wasiyoijua juu ya kitu kisichowahusu. Halafu mtu anashangaa kwanini hawasikilizi maonyo ya gari.

Hapa ndipo madereva wana hoja, na waliobaki waache kuwasema tu. Gari linalolia ovyo linamfundisha mtu kutosikia. Weka kiroba cha mchele kwenye siti ya mbele, gari linadai kiroba kifunge mkanda. Ingia foleni ya Ubungo jioni ukiwa na gari lenye sensa za pembeni, bodaboda wanapita kulia, kushoto, kwenye upenyo ambao hata paka angefikiria mara mbili, na gari linapiga tii tii tii kama limepagawa. Sensa haijakosea. Kweli kuna kitu sentimita chache kutoka kwenye bampa. Ila kitu hicho kipo muda wote, kwa saa nzima, na dereva hawezi kuogopa kwa saa nzima.

Mchezaji mmoja wa mpira, jina linajulikana Kariakoo nzima, aliagiza SUV ya miaka ya karibuni, zile zenye kamera juu ya kioo cha mbele. Subaru walianza kuweka mfumo wao wa kamera mbili kwa magari ya Japani mwaka 2008, Toyota wakaja na kifurushi chao mwaka 2015, na sasa hayo magari ndiyo yanayoshuka bandarini kama mitumba. Yanaona gari la mbele, yanapiga kelele, na dereva akizubaa yanajipiga breki yenyewe. Huyo mchezaji wiki ya kwanza alikuwa anarusha video anaonyesha washkaji. Wiki ya pili bajaji ikamchomekea pale Mwenge, gari likajifunga breki ghafla, chai ikamwagika kwenye siti ya ngozi, na wa nyuma yake akapiga honi na matusi. Akazima mfumo wote. Kwenye kijiwe akatoa hukumu yake: hili gari halijui Dar.

Na kuna ukweli ndani yake. Mfumo wa kumwambia dereva anatoka kwenye mstari unahitaji kuwepo mstari. Kuna barabara za hapa ambazo mstari mweupe ulifutika zamani na unaobaki ni ule ulio kwenye kumbukumbu za wenyeji. Kioo cha mbele kikivunjika, kinabadilishwa Gerezani kwa muda wa kunywa soda mbili, wakati kamera iliyokuwa imeegemea kioo hicho inatakiwa ipimwe upya kwa vifaa ambavyo havipo kila gereji. Isipopimwa, gari linaangalia sehemu siyo. Halafu likikosea, linaonekana ni jinga.

Sasa, kosa lililopo ni hili: mtu akishachoka na uongo mmoja, anaziba mdomo wote. Hachagui. Fundi anachangia sana. Gari lina taa ya ABS inawaka, mteja anauliza, fundi anajibu kwa lile jibu la taifa: "Bosi hiyo achana nayo, ni sensa tu." Taa ya injini, ni sensa tu. Taa ya airbag, ni sensa tu, tena akipewa elfu 20 anaificha isionekane. Sensa tu! Kwani sensa inafanya kazi gani kama siyo kusema? Kuna magari yanauzwa mjini hapa dashibodi inawaka kama mti wa Krismasi, na mengine yanauzwa dashibodi safi kabisa kwa sababu kuna mtu alichomoa balbu. La pili ndilo la kuogopa zaidi, na ndilo linalouzwa kwa bei kubwa.

Hiyo taa ya airbag inastahili sentensi zake mbili tatu. Watu wengi wanaamini airbag ni mbadala wa mkanda, kwamba nina airbag, mkanda wa nini. Zile herufi SRS zilizoandikwa kwenye usukani maana yake ni kwamba ule mfuko ni nyongeza. Nyongeza ya nini? Ya mkanda. Unafumuka kwa kasi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na umepimwa kwa hesabu kwamba mkanda umeshamshika mtu na kumchelewesha. Asiyeshikwa anakutana na mfuko ukiwa bado unafumuka, kifua na uso vikiwa mbele. Yule mwigizaji na kidude chake, mbali na kujidanganya yeye, amelidanganya gari pia, maana kuna magari ambayo hutumia taarifa ya tundu lilelile kuamua mfuko ufumuke vipi.

Wanaodhani haya ni ya Waswahili, hapana. Wamarekani walifanya fujo kubwa kuliko hii, tena mpaka bungeni. Mwaka 1974 magari mapya kule yalitoka kiwandani na masharti: dereva na abiria wa mbele wasipofunga mkanda, gari haliwaki. Halilii. Haliwaki kabisa. Watu wakaweka mfuko wa sokoni kwenye siti, gari likagoma. Wakampakia mbwa, gari likagoma. Nchi nzima ikakasirika, barua zikamiminika kwa wabunge, na Oktoba mwaka huohuo Rais Gerald Ford akasaini sheria ya kuizuia serikali isilazimishe tena kitu cha namna hiyo. Na wakaenda mbali zaidi: hata mlio wa kulazimishwa wa kukumbusha mkanda ukawekewa ukomo wa sekunde 8. Taifa lililopeleka watu mwezini lilikaa bungeni kujadili gari liruhusiwe kumsema mwenye gari kwa sekunde ngapi. Ukomo huo ulikaa kwenye sheria kwa karibu miaka 40.

Ulaya hivi sasa wanapitia yao. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa kwenye Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo unaojua kikomo cha spidi cha barabara na kumwonya dereva akikizidi. Anaruhusiwa kuuzima. Ila akizima gari na kuliwasha tena, mfumo umerudi kama mdai wa Jumatatu. Kwa hiyo Mjerumani na Mfaransa nao wanaamka asubuhi, wanaingia kwenye gari, na kitu cha kwanza ni kutafuta kitufe cha kulinyamazisha. Video za kufundishana njia ya mkato zipo za kutosha mtandaoni.

Lakini kuna jambo moja walilogundua Wamarekani ambalo linamsafisha dereva kidogo. Mwaka 2016 taasisi yao ya kupima usalama wa magari, IIHS, ilitoa majibu baada ya kuangalia magari ya Honda yaliyopelekwa sevisi, kuona wenyewe wameacha nini kikiwa kimewashwa. Ule mfumo wa kutoka kwenye mstari, ni kama theluthi moja tu ya magari uliokutwa umewashwa. Ule wa kuonya kwamba unakaribia kugonga la mbele, karibu wote waliuacha. Wenyewe ni walewale, magari ni yaleyale. Mmoja unalia kila mara mtu akihama njia bila indiketa. Mwingine unaweza kukaa miezi bila kusema neno, na siku ukisema kuna jambo.

Ni kama lile lori la Mlandizi. Haliwashi taa kila kilomita. Lingekuwa linawasha kila kilomita, asingekuwepo wa kulijali.

Ukitaka kuona kitu hiki kwa macho, panda basi la mkoani. Yale mabasi yamefungwa VTS, ule mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwendo, na sheria ya basi ni 80. Dereva akizidisha, kidude kinalia na abiria wanakisikia. Angalia nyuso zinavyogawanyika. Nyuma kuna kijana anapaza sauti kwamba zimeni hicho kimluzi watu wanataka kulala. Katikati kuna baba anaangalia saa na kulalamika kwamba kwa mwendo huu Mwanza watafika kesho kutwa. Na siti ya tatu yupo mama na mtoto mgongoni, hasemi kitu, lakini mlio ukianza anaangalia kwenye kioo cha dereva. Yeye peke yake asingethubutu kumwambia dereva punguza mwendo. Angeulizwa kama ana haraka ya kushuka. Kidude kinamsemea, na dereva hawezi kukijibu jeuri mbele ya watu hamsini. Ni aibu ileile iliyompeleka kijana kwa fundi, ila hapa aibu imefanya kazi nzuri. LATRA wameshasimamisha mabasi ambayo mfumo huo ulikutwa umechezewa, na inawezekana kabisa abiria waliokuwa wanalalamikia kelele walikuwemo ndani wakishangilia.

Hapa ndipo inapobidi kumgeukia tena mwenye gari binafsi, yule anayesema gari ni langu, shingo ni yangu. Shingo yake siyo iliyo peke yake ndani ya gari. Abiria wa mbele akiwa ni mke, na mlio wa siti yake umekatwa pamoja na wa dereva kwa sababu fundi alikata zote kwa bei moja, yeye hakuulizwa. Mteja wa teksi ya mtandaoni hakuulizwa. Anayenunua gari hilo miaka mitatu baadaye, likiwa limepigwa rangi na kuwekwa picha nane Instagram na maneno "haina tatizo hata moja", haulizwi na wala haambiwi. Ananunua gari ambalo kuna mtu alilizoesha kunyamaza.

Na nyuma ndiyo hakuna anayesema kabisa. Magari mengi yanayokimbia mjini, IST, Vitz, Harrier zile za tako la nyani, yanamsema dereva, labda na wa pembeni yake, yakiishia hapo. Siti ya nyuma hailii. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 nayo kwa miaka mingi imemtaja dereva na abiria wa mbele. Matokeo yake familia nyingi zimejipanga kulingana na kelele: pale gari linapolia, mkanda unafungwa. Pale lisipolia, wanakaa dada wa kazi na watoto. Mtoto wa miaka minne amesimama katikati ya siti mbili za mbele, mikono kwenye mabega ya baba na mama, anaimba nyimbo za shule, gari limenyamaza kimya, na kwa sababu limenyamaza kila mtu anaamini mambo yako sawa. Breki moja ya nguvu, yule mtoto ndiye wa kwanza kufika kwenye kioo.

Jaribu Jumamosi hii kupanda teksi na kufunga mkanda wa nyuma. Kwanza utautafuta. Upande wa bega unaning'inia, umejaa vumbi kwa sababu haujavutwa tangu Yokohama. Tundu la kufungia halipo, limezama chini ya kava la siti, lile la maua au la ngozi bandia. Utaingiza vidole, utakutana na chenji ya mia mbili na ganda la karanga. Wakati unachimba, dereva atakuwa anakuangalia kwenye kioo cha juu, uso umebadilika kidogo, kama mwenyeji aliyemwona mgeni ananusa chakula kabla ya kula. Halafu atakuambia kwa upole kabisa, na kwa maumivu ya kweli moyoni, kwamba usiogope dada, yeye anaendesha taratibu.